Taa za nyuma zisipuliziwe rangi nyeusi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wenye magari, hasa vijana, kuhusu mtindo wa kupulizia taa za gari rangi nyeusi ya kopo. Kazi hii siku hizi inafanyika uani nyumbani, kwa kopo moja na vipande viwili vya msasa. Sisi ni mafundi wa bodi na rangi, na msimamo wetu ni kwamba taa ya nyuma isiguswe na rangi kabisa. Aliyekwisha kuipiga aitoe, ila aitoe kwa njia ambayo haitaiharibu taa yenyewe.

Balbu ya nyuma ya kawaida, ile yenye nyuzi mbili, ina wati 5 kwa taa ya usiku na wati 21 kwa breki. Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari zinataka taa ya breki itoe angalau kandela 60 (kandela ni kipimo cha ukali wa mwanga) ikitazamwa moja kwa moja kutoka nyuma, na taa ya usiku angalau 4. Sasa tuchukue rangi ambayo kila tabaka lake linapitisha asilimia 70 ya mwanga. Tabaka la pili linakata kile kilichobakizwa na la kwanza, kwa hiyo unabaki na asilimia 49. La tatu linakuachia 34. Taa ya breki iliyokuwa na kandela 90 sasa inatoa 31 hivi, karibu nusu ya kiwango cha chini kabisa. Na wengi hawaishii tabaka tatu, kwa sababu weusi wanaoutaka hauonekani vizuri mpaka la nne au la tano.

Wenye magari hayo hujipima usiku, wakaona taa nyekundu inawaka, wakaridhika. Usiku giza linaibeba taa hafifu. Shida iko saa tisa au saa kumi alasiri, jua linapopiga taa kutoka nyuma ya gari. Hapo breki ikikanyagwa, dereva anayefuata haoni tofauti. Akiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa anakwenda mita 22 kila sekunde. Akichelewa nusu sekunde tu kutambua kwamba wa mbele amekanyaga breki, amekwishakula mita 11.

Kinachotutia hofu zaidi ni kiakisi mwanga, kile kipande chenye vijipembe vidogo vidogo ambacho katika magari mengi kimeundwa humo humo ndani ya taa ya nyuma. Kiakisi hakitumii umeme. Mwanga wa gari linalokuja unaingia, unagonga vile vijipembe na kurudi ulikotoka. Kwa hiyo unapita kwenye rangi mara mbili, kwenda na kurudi. Rangi inayopitisha asilimia 34 inaacha kiakisi na asilimia 12 tu ya nguvu yake. Gari lililokufa betri usiku kati ya Chalinze na Morogoro, na nyuma linakuja lori lenye mzigo, linategemea kiakisi hicho na pembetatu basi.

Kuna wanaosema watafidia kwa balbu kali zaidi. Balbu yenye wati nyingi kuliko ilivyokusudiwa huyeyusha soketi na kuunguza nyaya. Balbu za LED nazo, zikiwekwa ndani ya taa iliyoundwa kwa uzi wa balbu ya kawaida, mara nyingi hutoa madoa ya mwanga badala ya kuujaza uso wote wa taa. Kwenye indiketa huleta tatizo jingine: balbu ya wati 21 inavuta ampea 1.75, LED inavuta sehemu ndogo sana ya hiyo, na flasha, kile kifaa kinachoiwasha na kuizima indiketa, inadhani balbu imeungua, ikaanza kuchapa haraka haraka.

Namna ya kuitoa rangi. Kosa kubwa ni kuchovya kitambaa kwenye tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi. Kioo cha taa ya nyuma kwa kawaida ni plastiki ya akriliki, na akriliki haivumilii tina, petroli, asetoni wala dawa ya kubabua rangi. Inapata nyufa nyembamba ndani kwa ndani, aghalabu zikianzia kwenye kona na penye skrubu, na wakati mwingine hujitokeza saa kadhaa baada ya wewe kudhani kazi imekwenda vizuri. Taa hiyo haina dawa tena.

Fungua taa kwenye gari. Mara nyingi inashikwa na nati mbili au tatu za spana namba 10 ndani ya buti, au skrubu zinazoonekana mlango wa nyuma ukifunguliwa. Ivute kurudi nyuma moja kwa moja, usiipinde, kwa kuwa ina pini za plastiki upande wa pili. Ukiacha taa kwenye gari, msasa utakula klia ya bodi, yaani lile tabaka angavu la juu ya rangi, hata ukibandika tepu.

Loweka msasa wa maji robo saa katika ndoo yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Anza na namba 1000. Kama rangi ni nene au imepigwa klia ya hadena, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, anza na 800. Uzungushie kwenye sponji ngumu, usisugue kwa ncha za vidole, maana vidole huchimba mifereji. Povu litakuwa jeusi. Likianza kuwa jekundu umefika kwenye plastiki, acha hapo hapo. Fuata na 1500, kisha 2000, kisha 3000, na kila namba isugue ikikata njia ya iliyotangulia ili uone kama mikwaruzo ya mwanzo imekwisha. Malizia na kompaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia. Ukitumia mashine isizidi mizunguko 1,500 kwa dakika na isitulie sehemu moja, kwani akriliki ikipata moto inavutika na kufanya ukungu usiotoka. Vijipembe vya mwanga viko upande wa ndani, hivyo kusugua nje hakuvigusi.

Taa za mbele ni habari nyingine. Kioo chake siku hizi ni plastiki ya aina nyingine, polikaboneti, na juu yake kuna tabaka la kiwandani la kuzuia jua. Ukilisugua, kioo kitageuka njano baada ya muda usipolirudishia. Hapo ishia msasa namba 1000, kisha piga klia ya hadena matabaka mawili kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Klia hiyo ina kemikali ya isosianati inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu; bila barakoa yenye vichujio vya mvuke, mwachie fundi. Kupiga rangi nyeusi taa za mbele ni kubaya maradufu: mwanga unapungua, na ule unaobaki hutawanywa na uso wa rangi usio laini, ukamwingia machoni anayekuja wakati wewe mwenyewe huoni barabara.

Anayependa weusi ana njia. Zile fremu za ndani ya taa ya mbele zinazong'aa bila kurudisha mwanga wa balbu zinaweza kupakwa nyeusi, na taa isipoteze chochote. Kazi hiyo inahitaji kulainisha gundi ya taa kwa joto na kuiziba upya vizuri. Ikizibwa vibaya, masika ya kwanza taa itajaa mvuke.

Kwa askari na wakaguzi wa usalama barabarani tuna ombi moja. Wanapokagua, wasitosheke na kuona taa inawaka chini ya kivuli cha banda. Gari ligeuziwe jua mgongo, mkaguzi asimame hatua 30 nyuma, breki ikanyagwe na kuachiwa mara tatu bila yeye kuambiwa. Akikosa kuiona hata mara moja, gari lirudi gereji.

Mafundi wa bodi na rangi,
Dar es Salaam