Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: tunaomba X ifutwe kwenye tanuri letu

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: ALAMA YA X KWENYE TANURI LA WANAFUNZI WA UFINYANZI

Shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, mwaka wa tatu, mkondo wa ufinyanzi, katika chuo kilichomo ndani ya eneo lako hapa Dar es Salaam. Wiki 2 zilizopita mgambo walikuja na kopo la rangi nyekundu, wakapiga X kwenye tanuri tulilolijenga nyuma ya karakana, wakaandika BOMOA na kutupa siku 30. Zimebaki 16. Mistari imenyooka vizuri, hilo siwanyimi.

Nilipofika ofisini kwako kuuliza, nilipewa fomu. Ina nyumba, ina ukuta, ina kibanda cha biashara, ina tanuri la mikate. Kiswahili kina jina la kitu chetu, joko, ila fomu haina. Nikaweka tiki kwenye mikate kwa kuwa ndiyo iliyokaribia. Afisa akaniangalia juu ya miwani, akauliza tunatoa mikate mingapi kwa siku. Nikamwambia hakuna mkate, ni vyungu, tena mara 2 kwa muhula. Akasema basi hizo ni kuni, na kuni ni kinyume cha nishati safi. Nikaona heri nikuandikie wewe mwenyewe, na wengine wasome.

Chuo kina tanuri la umeme. Waya zake za joto ziliungua kabla sijajiunga, na leo ni meza ya kuwekea ndoo za udongo. Kwa miaka 2 kazi zetu zilikauka kabatini, zikapigwa picha, zikapewa maksi, kisha zikaloweshwa upya zikawa udongo wa wanaofuata. Chungu kibichi ukikitia maji kinarudi tope. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi hata gae hatukuwa nalo, maana gae lazima kwanza lichomwe.

Likizo ndefu ya mwaka jana tukabaki watu 7 tukajenga. Nje tuliweka matofali ya kuchoma ya kawaida. Ndani yanatakiwa yanayohimili moto mkali, na kwa bei tuliyotajiwa dukani tulirudi kimya. Tukatafuta magunia ya kaolini ya Pugu, ule udongo mweupe, tukauchanganya na vumbi la mbao na kufyatua matofali wenyewe. Moto ukiyapata, vumbi linaungua na kuacha vitundu, na hivyo vitundu ndivyo vinavyozuia joto lisitoroke. Saruji hatukuigusa kwa ndani kwa sababu kwenye joto lile hupasuka na kumomonyoka. Tuliunganisha kwa udongo na mchanga. Tao la juu lilianguka mara moja. Mwenzetu mmoja, kwa haraka ya kuona, alichomoa fremu ya mbao kabla hatujafunga vyuma vya pembeni, naye hakujua kwamba tao husukuma kuta kwenda nje. Bahati nzuri muda huo wengi tulikuwa kwenye wali maharage.

Moto wa kwanza, nakiri, ulikuwa aibu. Tulishindilia mabanzi mengi kwa pamoja, moto ukakosa hewa, moshi mweusi ukaenda moja kwa moja kwenye kamba ya mama jirani. Alikuja na kanga zake mkononi, hakusema neno, akatuonyesha tu. Tulizifua. Kama malalamiko yaliyokufikia yalianzia hapo, hatumlaumu. Tangu siku hiyo tumerefusha bomba la moshi kutoka mita 2 hadi karibu 4, na tunalisha kuni kidogo kidogo. Moshi unaonekana muda mfupi kila tunapoongeza, kisha unakata.

Siku ya kuchoma tunawasha saa 11 alfajiri. Hadi saa 4 asubuhi ni moto wa kuotea mikono tu, maana maji yaliyojificha ndani ya udongo yakichemka kwa haraka, chungu kinapasuka na unasikia kabisa, kama fataki. Ukikaribia nyuzi 573 unatulia tena, kwa kuwa kwatzi, yaani madini ya mchanga yaliyomo kwenye udongo, hubadilika na kutanuka ghafla. Baada ya hapo ndipo unapandisha. Kipimajoto hatuna; tunachungulia tunduni na kusoma rangi. Damu ya mzee ni kama 700, chungwa ni karibu 1,000. Jioni tunaziba kila tundu kwa udongo na kuliacha lipoe siku 2, nazo ni siku ndefu kuliko za kusubiri matokeo ya mtihani. Cha kwanza nilichotoa kikiwa kizima kilikuwa chetezo. Kina ufa mdogo kwenye shingo. Mama anakifukizia udi hivyo hivyo.

Mtu mmoja pale ofisini aliniuliza mbona wanawake wa Kikisi kule Matema, Ziwa Nyasa, wanachoma vyungu vyao bila tanuri. Ni kweli, na kwa mkono hatuwafikii hata robo. Lakini moto wa wazi ni wa udongo wa kawaida. Kaolini ina mahitaji mengine. Tembelea magofu ya Kunduchi uone makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa bakuli za kauri za China. Kauri ile hutengenezwa kwa kaolini iliyochanganywa na mawe ya kusaga na kuchomwa kupita nyuzi 1,200. Kaolini yenyewe iko Pugu, hapa hapa jirani, na bado kikombe cha chai ofisini kwako naamini kimekuja kwa meli. Kati ya Pugu na Kunduchi kinachokosekana ni moto. Tanuri letu halijafika kwenye joto hilo. Mara ya mwisho liliishia kwenye chungwa linaloelekea njano. Likibomolewa halitafika kamwe.

Kuhusu nishati safi: mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waifikie, ni wa kupikia. Sisi hatupiki. Tunachoma mabanzi ambayo mafundi seremala wangeyatupa. Na majiko banifu yale yenye udongo ndani, ule udongo umechomwa wapi kama si tanurini?

Ninachoomba ni X ifutwe, fomu iongezewe mstari mmoja wa joko, na afisa wako wa mazingira aje asimame nasi tangu alfajiri, atupangie masharti akiwa ameona. Tutachoma Jumamosi ijayo, na safari hii jirani tumeshamwambia asianike. Ndani kutakuwa na vikombe 40, na kimoja nimekiandika cheo chako chini ya kitako. Si rushwa, ni udongo. Kikipasuka kwenye nyuzi 573 nitakuletea gae lake.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa ufinyanzi, mwaka wa tatu