Huyu dogo anafundishwa nini pale barazani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni, na ukiweza usiikate sana barua yangu. Naandika kutoka Mbagala, mtaa siutaji, nyumba siitaji wala jina la mtu silitaji, maana watu wetu nawajua, wakipata jina tu kesho yake ni wananchi wenye hasira kali na tairi, na hilo silitaki kabisa.

Hapa jirani kuna mzee, umri umeenda, mkimya, ukimwamkia shikamoo anaitikia vizuri na dua anakuombea. Halafu kuna dogo wa miaka 15, yuko form two, mama yake anauza mitumba na kurudi ni usiku. Huyu dogo jioni ilikuwa humkosi uwanjani na wenzake, siku hizi mpira hana habari nao, akitoka shule hata yunifomu havui, anaenda kukaa barazani kwa mzee mpaka isha. Mtaani watu wanamsifia, eti afadhali huyu anakaa na wakubwa anapata hekima kuliko wale wa kijiweni.

Hekima yenyewe ndiyo hii. Mzee anamsimulia alivyokuwa mkata mapanga Kanda ya Ziwa huko miaka ya 80 na 90. Kwa vijana ambao hawajui, kule vikongwe wameuawa sana kwa kusingiziwa uchawi, Shinyanga, Mwanza, mpaka Tabora jirani, na watu wa kule wanajua ilivyokuwa inakwenda: mganga anapiga ramli, anamtaja bibi fulani, mtu analipwa, usiku anaenda kummaliza. Na mara nyingi ukichimba nyuma ya ile ramli unakuta shamba au ng'ombe, mjane kaachiwa eneo na ndugu wa marehemu wanalitaka. Ushahidi wa uchawi wenyewe macho mekundu! Bibi kapika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, jiko halina hata dirisha, moshi unamwingia machoni tangu yuko msichana, kwa nini yasiwe mekundu?

Nimeyajua haya kwa sababu dogo anarekodi kwenye simu na anawasikilizisha wenzake. Mwanangu alikuwemo, akaja kuniambia, nikaomba nami nisikie. Mhariri, nilitegemea labda nitasikia mzee anajuta. Hakuna majuto pale. Mzee anaongea kama mtu aliyerudi ujanani, sauti inapanda, na akitaka kunyamaza dogo ndiye anamsukuma, "enhe babu, halafu?", "alilia?", "ulianzia wapi kumpiga?". Kuna mahali mzee anasema basi mjukuu wangu nimechoka, dogo anamwambia nimekuletea sigara babu, malizia ile ya mlango wa nyuma. Yaani mtoto anatoa kwenye nauli yake ya daladala ananunulia stori ya mauaji, na mzee anaiuza. Sasa sijui hapo nani anamharibu nani, ila nachojua mmoja wao ni mtoto.

Nilimwita dogo nikamkalisha, sikumfokea. Nikamuuliza huyo bibi wa mlango wa nyuma aliitwa nani? Hajui. Alikuwa na watoto? Hajui. Alikuwa analima nini, anaishi na nani? Hajui. Lakini malipo yalikuwa kiasi gani anajua, walienda wangapi anajua, panga lilinolewa wapi anajua. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko damu yenyewe. Ukimsikiliza muuaji peke yake, aliyekufa anakuwa kitu tu cha kunogesha stori, hana jina, hana mjukuu aliyebaki analia pembeni ya kitanda.

Na haijaishia kwenye kusikiliza. Pale kwenye kona yetu kuna bibi anakaanga vitumbua asubuhi, jiko la kuni, na macho yake ni kama ya mtu yeyote anayekaa kwenye moshi kila siku. Wiki hizi watoto wameanza kumzomea, "macho mekundu! macho mekundu!". Mwanangu anasema aliyeanzisha ni huyu dogo, aliwaambia wenzake kwamba bibi kama huyu kule angeshamalizwa zamani. Bibi wa watu amehamisha jiko kaliingiza uani, siku hizi anamtuma mjukuu wake ndiye akae mezani kuuza. Hapa Dar tunayajua mapanga, Panya Road, yale magenge ya vijana waliovamia watu kwa mapanga, si hadithi za Kanda ya Ziwa, walikuwa watoto wetu hawahawa wa rika hili, kwa hiyo mtu asiniambie eti dogo anapiga stori tu, atakua ataacha.

Wapo wanaosema vijana lazima wajue yaliyopita. Nakubaliana nao kabisa, wajue, ila wasijifunze kwa aliyeshika panga na bado anaona fahari. Arusha hapohapo ilikaa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliundwa 1994 ikafungwa 2015, na pale walionusurika walikuja wakasimama wakasema nani aliuawa na wapi. Hivyo ndivyo mtoto anatakiwa kusikia mambo haya. Na wale wanaosema mwacheni mzee amezeeka, Félicien Kabuga, tajiri aliyeshtakiwa kufadhili mauaji hayo ya Rwanda, alikamatwa karibu na Paris mwaka 2020, miaka 26 baada ya mauaji, mzee wa zaidi ya miaka 80 anaishi kwenye fleti kwa jina la bandia. Hata hapa kwetu kesi ya mauaji haina kuchacha. Kama anayosimulia huyu mzee ni kweli, kuna familia huko inasubiri mpaka leo. Kama anatunga, basi aambiwe akome, maana madhara kwa mtoto na kwa bibi wa vitumbua ni yaleyale.

Mama wa dogo nimeshaongea naye, alilia, akasema yeye alijua mwanawe anafundishwa dini pale. Tumekubaliana tunaenda na mjumbe mpaka polisi, dawati la jinsia na watoto, na ile simu tunaipeleka ilivyo bila kufuta kitu, wao ndio watajua cha kumfanya mzee. Wazazi wengine wenye jambo kama hili, namba 116 ya kusaidia watoto ni bure kupiga.

Wewe Mhariri nakuomba kitu kimoja. Tuma mwandishi wako Kanda ya Ziwa akawatafute watoto na wajukuu wa wale bibi, waliokubali kuongea waongee, aandike mama yao aliitwa nani, alilima nini, aliimba nini akiwa shambani. Gazeti likitoka nitanunua nakala mbili, moja ya huyu dogo.

Mama wa watoto watatu,
Mbagala, Dar es Salaam