Fonti ijaribiwe kabla ya kupanga kurasa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaosanifu kurasa. Tunachagua fonti kwa kuangalia A na B zilivyopendeza, na fonti haishindwi na A na B.

Nilipewa kamusi ndogo ya Kiswahili na Kiyoruba. Nikapenda fonti moja nyembamba, nikapangia kitabu kizima. Sasa Kiyoruba kina ọkọ, mume, ọkọ́, jembe, na ọkọ̀, chombo cha usafiri. Tofauti yote imebebwa na kialama kilicho juu ya o ya mwisho, ambayo tayari ina kitone chini. Kwenye prufu, nakala ya kusahihishia, kialama kile kilikuwa kimeteleza, kinaning'inia kando ya herufi. Mzee aliyekuwa akisahihisha, mwenye lugha yake, aliweka kidole pale akaniuliza, "Huyu ni mume au jembe?" Niliona haya. Nilipanga upya kurasa zote.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, haina namba moja ya o yenye kitone chini na kialama cha namna hiyo juu; kompyuta huiunga kwa vipande, na fonti ndiyo inayojua kipande cha juu kikae wapi. Isiyofundishwa hukiacha popote.

Zipo pia fonti za zamani ambamo mtu alifuta alama asiyoihitaji, akachora ɓ ya Kihausa mahali pake. Kwako inasomeka vizuri. Mtumie faili mwenzako asiye na fonti hiyo, ataona ile alama iliyofutwa. Miswada ya namna hiyo bado naletewa, na kuisafisha ni kazi ya neno kwa neno.

Siku hizi natumia Charis SIL au Gentium, na Noto panapoingia Kiarabu au Kiamhari. Zote ni za bure.

Na kwetu wenyewe: ritifaa ya ng' tuiandike kwa kitufe chake. Naona ng`ombe na ng´ombe katika ukurasa mmoja, na anayetafuta neno hilo kwenye faili halipati.

Kabla ya kupanga, andika mstari wenye herufi na alama zote za lugha husika, kwa wima, mlazo na koza (herufi nene). Baadhi ya fonti zina ɗ ya Kihausa ya wima lakini hazina ya koza, na programu huazima ya fonti nyingine bila kukuambia. Uchapishe mstari huo kwenye karatasi, kisha umpe mwenye lugha ausome.

Msanifu kurasa