Kodi ya mwezi naiweza, miezi sita kwa mkupuo ndiyo inayotutoa mjini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Kariakoo kwenye baraza ya duka la vitambaa karibu na Mtaa wa Kongo, na ni mama wa watoto wawili. Natafuta chumba cha kupanga tangu mwezi wa nane. Huu ni mwezi wa kumi na moja na bado sijapata, ingawa kazi ninayo na sijawahi kudaiwa kodi na mtu.

Nilikuwa nakaa Buguruni, chumba kimoja, Sh60,000 kwa mwezi, miaka saba. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaarabu, wapangaji wote tulimwita Babu. Alipokea kodi ya miezi mitatu mitatu, na Januari ikibana kwa sare na madaftari alinikubalia nilete kwa mafungu mawili. Babu alipofariki, watoto wake wakakaa kikao, wakaiuza nyumba. Siwalaumu, mali ni yao. Lakini wapangaji saba tulipewa siku 30, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mkataba wa maandishi humo ndani, hatukuwa na karatasi ya kupeleka popote. Siku ya mwisho nilipakia kitanda, jiko la gesi na cherehani yangu ya nyumbani kwenye guta nikahamia kwa dada yangu Chanika. Kwake kuna chumba na sebule, na yeye ana familia yake. Mimi na wanangu tunalala sebuleni, na godoro linakunjwa kabla shemeji hajatoka kwenda kazini. Binti yangu yuko darasa la tano na shule yake bado ni Buguruni, kwa hiyo namwamsha saa kumi alfajiri ili tuwahi gari. Wiki iliyopita mwalimu wake aliniita kuniambia mtoto anasinzia darasani.

Sasa naomba wasomaji waitazame hesabu yangu. Mwezi mzuri napata Sh400,000, mwezi mbaya 250,000. Kodi ya Sh80,000 naiweza, na sisemi hivyo kwa kujipa moyo. Kila jioni nikifunga kazi natia Sh3,000 kwenye kibubu, siku 26 za kazi ni Sh78,000. Miaka saba kodi ya Babu ilitoka humo humo. Lakini chumba cha Sh80,000 leo unaambiwa miezi sita, ndiyo Sh480,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, jumla Sh560,000 kabla sijaingiza hata kijiko. Kibubu changu kinahitaji zaidi ya miezi saba kufika hapo. Miezi hiyo saba nikae wapi na watoto?

Hakuna mwajiri Tanzania hii ninayemjua anayemlipa mtu wa chini mshahara wa miezi sita mbele. Wateja wangu wananilipa nguo moja moja. Mlinzi wa duka tunaloshonea mbele yake analipwa mwisho wa mwezi, tena kwa kuchelewa. Pesa ya nusu mwaka kwa mkupuo inatoka kwenye mkopo wa riba au kwa kuuza kitu. Jirani yangu wa Buguruni aliuza friji aliyokuwa akiuzia barafu na juisi. Kapata chumba, kakosa biashara.

Halafu kuna hela ya kuonyeshwa chumba. Kila dalali anataka Sh10,000 kabla hajanyanyua mguu, upende chumba au usipende, hairudi. Nimeonyeshwa vyumba mara 11. Hiyo ni Sh110,000, zaidi ya kodi ya mwezi, na sina hata ufunguo. Kimoja nilionyeshwa mara mbili na madalali wawili tofauti, nikalipa mara mbili, maana wa pili alinipitisha njia ya uani nisijue ni nyumba ile ile. Viwili vilikuwa na watu tayari, tukagonga mlango akatoka mpangaji na taulo begani anatushangaa. Kingine kilitangazwa kwenye WhatsApp kuwa ni dakika tano kwa mguu kutoka barabarani. Niliangalia saa ya simu: dakika 27, tukivuka mfereji juu ya ubao mmoja. Dalali alikuwa ananitangulia huku akiniambia, "Dada'angu, tumeshafika, ni pale kwenye mwembe." Miembe tuliyopita ni mingi.

Chumba ambacho hakinitoki akilini ni cha Kigogo. Sh70,000, chumba na sebule ndogo, luku, yaani mita ya umeme, inajitegemea, na kutoka pale ningeweza hata kutembea hadi Kariakoo siku nauli ikikosekana. Nilifika na mwanangu mdogo wa miaka mitano. Kuta zilikuwa na rangi mpya ya maziwa, bado inanukia, na sakafu imesuguliwa. Moyoni nilishaanza kupanga kitanda kikae wapi na cherehani ikae wapi. Mtoto alikuwa anacheza nyuma ya mlango, akaniita, "Mama, huku kuna mstari." Nikausukuma mlango niangalie. Nyuma yake fundi rangi hakupitisha brashi. Kulikuwa na mstari wa tope usawa wa kiuno changu, umenyooka kama umepigwa kwa rula, na chini yake plasta imevimba, ukiigusa inadondoka kama unga. Bawaba ya juu ya mlango ilikuwa nzima, ya chini imeliwa na kutu imebaki nyembamba.

Nikamuuliza dalali, "Kaka, maji yanafika hapa?" Akasema hiyo ni alama ya zamani. Mwenye nyumba akasema kama sitaki nimpishe, kuna watu watatu wanasubiri. Kigogo iko kando ya Bonde la Msimbazi, na hakuna mkazi wa Dar es Salaam asiyejua bonde hilo linavyofanya mvua ikizidi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walitolewa bondeni wakapelekwa Mabwepande, na sisi tuliobaki mjini tumeyaona maji yakirudi mara nyingi tangu hapo. Nilimshika mtoto mkono tukaondoka. Siku tatu baadaye nilipita njia ile, dirishani kulikuwa na pazia la maua na nje ndoo mbili za mtoto. Kuna mama mwenzangu ameingia, na namwombea mvua isimkute usiku.

Tandika nilikwama kwa jambo lingine. Chumba kizuri, choo safi, mwenye nyumba mama wa makamo. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza, "Baba watoto yuko wapi?" Nikamwambia tuliachana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe nakuona huna tatizo. Lakini mwanamke peke yake na watoto wawili, kesho kodi inakosekana, na watoto maji wanamaliza." Nilitoa simu nimwonyeshe meseji za miamala, kodi ya Babu mwaka kwa mwaka. Hakuitazama. Sh10,000 yangu dalali alikuwa ameshaitia mfukoni.

Mteja wangu mmoja ni wakili, alileta joho nilipunguze mikono, nikamuuliza kama hakuna sheria. Akaniambia ilikuwepo ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Aliniambia kwa upole kwamba siku hizi ni makubaliano ya watu wawili. Nimeyafikiria sana maneno hayo nikiwa kwenye mashine. Makubaliano gani, mmoja akiwa na nyumba na watu watatu wanasubiri, na mwingine ana watoto na guta limepakiwa barabarani?

Wenye nyumba nao wana lao, najua. Wapo wajane wanaosomesha kwa vyumba vitatu, na wapo wapangaji wanaohama usiku wakiacha deni la maji na umeme. Basi mpangaji aweke dhamana ya mwezi mmoja, irudi akihama salama. Hiyo ni haki. Lakini miezi sita haimzuii mhuni, maana mhuni akishalipa hiyo sita anakaa miezi mitatu mingine bure mkigombana. Inamzuia mtu wa kipato kidogo aliye mwaminifu. Na kama tunazungumza haki, kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku tangu 2021, sasa Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni kodi ya mwenye jengo, ila sehemu nyingi inatoka kwenye umeme wa mpangaji na hakuna anayemrudishia. Tumeinyamazia kwa sababu ni ndogo.

Ninachoomba wabunge wetu na Wizara ya Ardhi ni sheria itakayosema kodi ya nyumba ya kuishi isidaiwe mbele zaidi ya miezi mitatu, na dalali alipwe na aliyemtuma, yaani mwenye nyumba, tena baada ya chumba kupata mtu. Hela ya kuonyeshwa ipigwe marufuku kabisa. Nayo ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo tayari tunakwenda kuchukua barua za utambulisho, ishindwe nini kuweka ubao wa vyumba vilivyo wazi na fomu ya mkataba ya ukurasa mmoja yenye mhuri wa mwenyekiti? Mambo ya nyumba yakitakiwa yanafanyika. Magomeni Kota tumeona nyumba 644 zikizinduliwa Machi 2022 kwa wakazi wa zamani wa pale. Sisi wa kibubu hatujaomba ghorofa, tunaomba kulipa kwa namna tunavyolipwa.

Jana jioni nimepigiwa simu. Kuna chumba Mbagala Kizuiani, Sh75,000, mwenye nyumba amekubali miezi minne. Pamoja na dalali ni Sh375,000. Ninazo 290,000, na nimemwomba kijumbe wetu wa mchezo wa kuchangiana pesa anibadilishie zamu nipokee mwezi huu badala ya Januari. Bado hajanijibu. Dalali anataka Sh10,000 yake kwanza, nimemtumia. Nakwenda kukiona Jumapili asubuhi, mwanga ukiwa wa kutosha, na mwanangu mdogo nitakwenda naye.

Fundi cherehani,
Kariakoo, Dar es Salaam