Kwani mwanangu amekuja kucheza tu?

Swali hili twaulizwa sana hapa ofisini kwetu Tudor, Mombasa, twatoapo kaunseling (ushauri nasaha) kwa watoto na vijana. Mzazi akija kumchukua mtoto akamkuta kakaa mkekani na midoli na udongo wa kufinyanga, uso wambadilika, pesa zangu nimelipa acheze? Ni haki yake kuuliza.

Mtoto wa miaka sita hawezi kukaa kitako akakwambia mama mimi nna wasiwasi tangu baba ahame, maneno hayo hana. Alonayo ni tumbo lamuuma kila asubuhi ya skuli na Jumamosi haliumi, ama alikuwa ashaacha kukojoa kitandani na sasa kaanza tena, ama kila siku ustadhi amshtaki kwa kupiga wenzake. Sasa sisi twamfuata hukohuko kwenye mchezo. Akimtoa mdoli mdogo nje ya nyumba akafunga mlango, na wiki ijayo akafanya vilevile, kaunsela hamkatazi, amuuliza tu, "huyu alofungiwa nje yuwaskiaje?" Hapo ndo mambo huanza kutoka, polepole.

Vijana wa sekondari ni kando, wao wataka mtu asowafokea. Kijana ashajiambia "hakuna anipendaye", basi twalishika wazo hilo twaliangalia pamoja, lina ushahidi gani, likimjia hufanya nini, hujifungia chumbani? Na si watoto wachache, Shirika la Afya Duniani lasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Wenye kusema ni jini, msomeeni, kisomo cha Kurani na kaunseling havigombani, lakini tafadhalini msingoje mpaka aache skuli.

Ombi letu kubwa ni hili, mkipanda tuktuk kurudi nyumbani usimhoji amesema nini. Akijua atahojiwa, wiki ijayo hafungui mdomo. Sisi siri yake hatuitoi, ila akisema ataka kujidhuru ama kuna mtu amuumiza, hapo hatunyamazi, na mtoto mwenyewe twamwambia hivyo siku ya kwanza. Wewe mzazi utaitwa kivyako, maana mengine ni ya kurekebishwa nyumbani.

Na mtoto akishasema ataka kufa, usingoje siku ya sesheni, usimwache peke yake, ficha dawa na visu, mpeleke hospitali usiku huohuo. Simu ya watoto ni 116, bure.