Mgonjwa wa figo aandikiwe mazoezi kwa kipimo, kama dawa

Ndugu Mhariri,

Mgonjwa wa figo hutoka kliniki ameambiwa, "Fanya mazoezi." Akifika nyumbani anaambiwa, "Pumzika, usijichoshe." Anaishia kukaa kitini huku mapaja yakikonda. Tunaomba madaktari waandike zoezi kwenye kadi kama wanavyoandika vidonge: kiasi gani, mara ngapi, na lini aache.

Mwongozo wa mwaka 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandika miongozo ya kutibu figo, unataja dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au kadiri moyo na mwili wa mgonjwa unavyomudu. Hiyo sehemu ya pili ndiyo husahaulika. Aliyekaa miezi bila kujishughulisha aanze na dakika 5 hadi 10 za kutembea mahali tambarare, siku moja atembee, ya pili apumzike, na kila wiki aongeze dakika 2 au 3. Kasi aipime kwa mdomo: aweze kuzungumza, asiweze kuimba. Kuhesabu mapigo ya moyo kunadanganya, maana wengi wanameza dawa za presha kama atenololi au bisoprololi, na dawa hizo huyashikilia mapigo chini hata mtu akiwa hoi.

Kwa nguvu za miguu, kiti cha mbao kinatosha. Kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa ukingoni, nyayo zote sakafuni, visigino nyuma kidogo ya magoti, mikono umeikunja kifuani. Simama kwa hesabu ya mbili, keti kwa hesabu ya tatu. Fanya mara 8, pumzika dakika moja, rudia. Wengi husimama vizuri kisha hujibwaga wakati wa kuketi, na kazi kubwa ya paja iko hapo hapo kwenye kushuka.

Kuna siku zoezi halifai kabisa: namba ya juu ya presha ikivuka 180 au ya chini ikivuka 105, kukiwa na homa, kifua kikibana, au pumzi ikikatika mtu akilala chali. Na aliyekosa zamu yake ya kusafishwa damu asijitie ukakamavu. Misuli ikifanya kazi humwaga potasiamu, aina ya madini, kwenye damu, na potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo.

Wenye fistula ya mkononi, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu, huubeba mkono kama yai. Si lazima. Kidonda kikishapona na daktari akaridhia, kufinya kijipira laini husaidia mshipa kunenepa. Kinachokatazwa ni kuubana: kamba ya mkoba, saa iliyokaza, mkanda wa kupimia presha, kuulalia. Baada ya zoezi gusa mshipa huo kwa vidole vitatu. Utahisi mtetemo kama wa paka anayekoroma. Usipouhisi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje zamu. Mwenye mpira wa kusafishia damu uliopachikwa shingoni atembee, ila asiogelee.

Kutembea kwenyewe mara chache humdhuru mtu. Madhara huwa njiani kurudi. Ametoka jasho ufukweni, anakutana na muuza madafu. Glasi moja ya maji ya dafu huwa na zaidi ya miligramu 400 za potasiamu, na dafu moja mara nyingi huzidi glasi. Aliyeambiwa apunguze potasiamu asukutue mdomo au amung'unye kipande kidogo cha barafu, akikihesabu kwenye maji yake ya siku. Nafuu zaidi ni kutoka saa 12 asubuhi, kabla ya jua kali. Kisha usiku miguu inauma, anatuma mtoto duka la dawa alete diklofenaki, dawa ya maumivu. Dawa hiyo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kuuma kwa siku mbili tatu mwanzoni ni kawaida. Akande miguu kwa maji ya uvuguvugu, na kama lazima, parasetamoli kwa kipimo alichopewa na daktari. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, hilo ni la hospitali.

Anayetumia insulini abebe sukari mfukoni, kwa sababu figo dhaifu huichelewesha insulini kutoka mwilini, na sukari inaweza kushuka mno.

Na siku moja au mbili kabla ya kipimo cha kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) au protini ya mkojo, aache zoezi zito. Majibu hupanda kwa muda, na daktari asiyejua anaweza kudhani ugonjwa umesonga, akabadilisha dawa bure.

Wauguzi wa kusafisha damu,
Dar es Salaam