Risala ya Wakulima wa Mwani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kukabidhiwa Vyeti vya Upimaji wa Bahari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha na kamati yako,
Wataalamu wa bahari, walimu, wazee wetu na ndugu wanakikundi,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja huku kwetu mashariki ya Unguja, tena siku ya maji mafu, bahari isipokupwa mbali. Ungekuja siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali na mashamba yanafikika, ungekuta viti vitupu, sisi sote tuko ndani ya maji tunafunga mwani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilimo cha mwani wa biashara kilianza upande huu wa kisiwa, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mpaka leo wakulima wengi ni wanawake. Aina iliyotulipa vizuri ni kotonii, maana bei yake inaipita mbali spinosumu. Lakini kuanzia miaka ya 2000 kotonii ikawa inatufia mikononi: matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, unafika shambani unakuta kamba tupu. Wapo waliosema ni husuda. Wapo waliosema mbegu imechoka.

Jibu tulilipata kwa wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko hapa hapa Zanzibar. Maji ya kina kifupi yakipata joto kupita kiasi mwani hudhoofika, na ukishadhoofika maradhi huupata kwa urahisi. Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti wake katika taasisi hiyo, hakuishia kwenye maelezo. Amefanya kazi na wakulima miaka mingi, hadi kujaribu nao kupanda kotonii ndani ya nyavu za mirija kwenye maji ya kina kirefu. Utafiti wa namna hiyo tunaupokea kwa mikono miwili.

Upo na wa namna nyingine, Mheshimiwa, na leo tuseme. Huja gari, zikashushwa chupa na madodoso, tukaulizwa mpaka idadi ya kuku. Gari likiondoka, limeondoka. Majibu yetu yakasomwe wapi, na nani, hatujui.

Ndiyo maana mafunzo haya ya kupima bahari tumeyathamini. Vijana na akina mama waliofunzwa sasa wanapima joto la maji na chumvi wenyewe, na kuandika. Kifaa cha kupimia chumvi kinaenea kiganjani: unadondosha tone la maji juu ya kioo chake, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Bahari ya kawaida husoma karibu na 35, yaani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, na mvua kubwa ya masika ikimwagika alama inashuka. Tunaandika kwa penseli, kwa sababu wino ukiguswa na maji ya chumvi hausomeki tena.

Wataalamu nao wamejifunza kwetu. Walipochagua mahali pa kupimia, mkulima mmoja mtu mzima aliwakatalia: pale maji yakitoka hubaki dimbwi, likapigwa jua mpaka likachemka, kwa hiyo kipimo kitasema uongo. Walikwenda wakaangalia, wakahamisha kigingi. Mama yule hajasoma hata darasa moja, lakini anajua kaskazi ikitulia maji ya wapi yanaungua kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, joto hili halina mpaka. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka na kufa kutoka Kenya hadi Msumbiji na visiwani. Wenzetu wa Gazi, Kwale, wanapima mikoko yao pamoja na wataalamu wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, katika mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha za kaboni, wanazolipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, zimewaletea maji na kusaidia skuli. Kibuyuni, huko huko Kwale, wako akina mama wa mwani kama sisi. Daftari letu likikaa pamoja na la Kibuyuni na la kisiwa cha Songosongo, Kilwa, mtaalamu wa kwetu atakuwa na bahari nzima mezani, hatasubiri takwimu zije kutoka Ulaya. Jumuiya ya WIOMSA, inayounganisha wanasayansi wa bahari wa ukanda huu wa magharibi ya Bahari ya Hindi tangu 1993, ofisi yake iko hapa Zanzibar, karibu nasi kuliko wanunuzi wa mwani wetu.

Kwa hayo, tunaomba utusaidie kupeleka neno. Kila anayepewa kibali cha kufanya utafiti katika shehia hii atakiwe kurudi kusoma matokeo barazani, kwa Kiswahili, kabla ripoti haijafungwa. Wapimaji wetu walipwe posho yao kama wasaidizi wengine wa utafiti, na majina yao yaandikwe. Skuli yetu ya sekondari haina maabara. Mtoto anayepima chumvi baharini asubuhi anafundishwa kemia ubaoni mchana, naye ndiye tunayemtarajia awe mtafiti. Na kotonii imehamia kwenye kina kirefu wakati wengi wetu hatujui kuogelea wala hatuna chombo. Tunaomba boti moja, makoti ya kuokolea, na mwalimu wa kuogelea aliye mwanamke, ili wazee wetu wasiwe na la kusema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.